UZI: Gemu inakata? Pima kwanza, usikimbilie kulaumu draiva wala kununua kadi mpya (kutoka Mtwara)

#1 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nimepokea kompyuta tatu za gemu kibandani kwangu hapa Chikongola, na wenyewe wote watatu wamekuja na kauli moja: "Fundi, draiva imekufa, nitafutie kadi nyingine." Kwa wageni: kadi hapa ni kadi ya picha (GPU), na draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Kati ya hizo tatu, moja tu ndiyo ilikuwa na shida ya draiva, na hata hiyo shida kubwa ilikuwa nyingine. Hakuna aliyehitaji kadi mpya. Mmoja wao alikuwa ameshauza baiskeli yake ili aongezee hela. Hilo limeniuma mpaka nikaamua kukaa na kuandika.

Nianze na ya mpwa wangu, ameniruhusu kuisimulia. Anakaa Mikindani, nyumba ya pili kutoka baharini. Mashine yake ni Dell OptiPlex 7020, zile zilizotoka maofisini, prosesa i5-4570, RAM GB 8, kadi GTX 750 Ti ya GB 2. Najua wapo watakaoidharau. Mimi naiheshimu sana kadi hiyo. Ilitoka Februari 2014, inakula wati 60 tu, na nyingi hazihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, zinatosheka na umeme wa pale zinapochomekwa kwenye madabodi (bodi kuu). Kwa hizi Dell na HP za ofisi zenye pawa saplai ndogo, ni kadi ya kuokoa mtu.

Akanipigia saa tatu usiku.

"Shikamoo mjomba. Gemu haifunguki."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu jana nilipoapdeti draiva."

"Na kwa nini uliapdeti?"

"Si ilikuwa inakata, mjomba."

Jibu lile la mwisho ningelishika pale pale ningeokoa siku mbili. Sikulishika. Nilisikia neno draiva, nikabeba flashi, nikapanda bajaji.

Kilichotokea ni kwamba alishusha programu moja ya bure inayojinadi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, ikaanza kufuta ya zamani, bando likaisha katikati. Nilikuta maandishi makubwa kama ya bango la duka, resolusheni imekwama 1024 kwa 768. Nikafungua Device Manager, nikaenda kwenye Display adapters. Jina la kadi halipo. Pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Mkiona maneno hayo, maana yake Windows haina draiva ya kadi yenu na inachora kioo kwa ile ya akiba, ambayo haijui lolote la gemu. Feni ya kadi inazunguka, taa inawaka, lakini kadi haina kazi.

Nilivyofanya ni hivi, na nawaomba mfuate mpangilio huu huu, msiruke. Draiva nilikuwa nimeishusha mapema kibandani, kutoka ukurasa wa Nvidia wenyewe, kampuni ya kadi hiyo, pamoja na programu ndogo ya kufuta draiva iitwayo Display Driver Uninstaller, mafundi tunaiita DDU. Kwanza nikachomoa intaneti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: ukifuta draiva huku intaneti ipo, Windows Update inawahi kuingiza draiva yake wakati wewe bado unahangaika na yako, zinagongana. Kisha nikaizima na kuiwasha kwa Safe Mode, ambapo Windows inawaka na vitu vya lazima tu (shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Restart, ufuate menyu), nikaendesha DDU, nikachagua kusafisha na kuwasha upya. Ikarudi na kioo kibaya kama mwanzo, msiogope, ndivyo inavyotakiwa. Nikaingiza draiva kutoka kwenye flashi, nikachagua Custom, nikaweka tiki kwenye clean installation. Baada ya kuwasha upya, jina la GTX 750 Ti likarudi mahali pake.

Sasa, draiva ipi? Hapa pana jambo ambalo vijana wengi hawajalipata. Nvidia imefunga mlango kwa kadi za kizazi cha Maxwell na Pascal. Yaani 750 Ti, familia ya 900, na familia yote ya 10 kama 1050 Ti na 1060. Draiva ya mwisho ya gemu kwa kadi hizo ilitoka mwishoni mwa 2025, tawi la 580 (yaani kundi la matoleo), na baada ya hapo ni viraka vya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Ukishusha ya tawi la 590 kwenda juu, haiitambui kadi yako. Kwa hiyo mtu akikwambia "weka mpya kuliko zote", muulize kwanza anazungumzia kadi gani. Za zamani zaidi, zile za Kepler kama GTX 650 na 660, ziliishia tawi la 470 mwaka 2021. AMD, kampuni nyingine ya kadi, nao Juni 2021 waliziweka pembeni Radeon HD 7000 na nyingi za R7 na R9. Kadi hizi zinaendelea kucheza gemu zake vizuri tu, ila ziwe na draiva ya kizazi chake.

Tukafungua GTA V. Dakika tano za kwanza ikawa inashtuka-shtuka kila akikata kona, mpwa wangu akaanza kuniangalia kwa huzuni. Nikamwambia endesha, usisimame. Draiva ikibadilishwa, ile akiba ya mahesabu ya vivuli na mianga iliyotunzwa kwenye diski inatupwa na kutengenezwa upya, na kazi hiyo inafanyika wewe ukiwa unacheza. Msihukumu draiva mpya kabla hamjazunguka mji mzima. Kweli, baada ya muda ikatulia, fremu (picha) 55 kwa sekunde, bila kushtuka. Dogo akapiga kelele mpaka mama yake akatoka jikoni. Nikanywa chai, nikaondoka.

Kabla sijafika Shangani simu ikaita. "Mjomba, imerudi kukata."

Nitaendelea, ngoja nifunge kibanda.

#2 Mdau wa Nachingwea

Mkuu nasubiri muendelezo. Ila swali dogo: draiva ya Nvidia ni zaidi ya MB 600, huku bando ni hela. Nikinakili kwako au kwa rafiki kwenye flashi kuna ubaya? Naogopa virusi.

#3 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Mkuu wa Nachingwea, hakuna ubaya kabisa, na mimi nawashauri watu wafanye hivyo hivyo. Kabla hujaifungua, bofya faili kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kisha Digital Signatures. Pawe na jina NVIDIA Corporation, na ukibofya Details iseme sahihi ni halali. Faili lililochezewa haliwezi kusema hivyo. Kisha litunze faili hilo kama cheti cha shule. Siku Windows ikikuharibia, unalo mkononi.

Narudi Mikindani.

Safari hii sikubeba draiva. Nilibeba MSI Afterburner, programu ya bure inayokuja pamoja na RivaTuner, ambayo inakuandikia namba pembeni ya kioo huku unacheza. Nikaweka namba tano: asilimia ya kazi ya GPU, joto lake, joto la prosesa, kasi ya prosesa, na fremu. Nikamwambia dogo cheza kama kawaida, mimi nikakaa na daftari.

Dakika ya 5: GPU asilimia 98, joto nyuzi 66. Prosesa nyuzi 93. Fremu 55.

Dakika ya 14: GPU asilimia 97, nyuzi 67. Prosesa nyuzi 99. Fremu 52.

Dakika ya 19 gemu ikaanza kwenda kama picha za mnato. Fremu 18. GPU imeshuka mpaka asilimia 35. Prosesa nyuzi 100, na kasi yake imeporomoka kutoka megahezi 3400 mpaka 1600.

Someni namba hizo polepole, jibu lote limo humo. Kadi inayofanya kazi asilimia 97 haina kosa lolote, imefika tu mwisho wa nguvu zake, na hapo dawa ni kupunguza vivuli na resolusheni ndani ya gemu. Lakini kadi inayofanya kazi asilimia 35 huku fremu ziko chini, hiyo inasubiri. Ni fundi mwashi aliyekaa na mwiko mkononi kwa sababu saidia haleti zege. Ukimbadilisha fundi, ukaleta wa bei mbaya kutoka Dar, naye atakaa vile vile. Hapa saidia ni prosesa, na prosesa ya i5-4570 ikigusa nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hakuna draiva duniani itakayoondoa hilo.

Nikafungua boksi. Wakuu, kati ya feni na mapezi ya kupoozea prosesa palikuwa na vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Nililitoa kwa vidole likatoka zima, na lilikuwa na unyevunyevu, kwa sababu ya hewa ya bahari. Pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoozea ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukutani. Nikasafisha kwa brashi laini ya rangi, nikafuta pesti kwa spiriti, nikaweka mpya, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi ndogo.

Tukacheza tena saa nzima, madirisha yamefungwa, nje jua la Januari nyuzi 31. Prosesa haikuvuka nyuzi 74. Fremu 54 mpaka 57 mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo gemu ilikuwa inakata kwa joto tangu mwanzo. Dogo akadhani ni draiva, akaiharibu draiva iliyokuwa nzima, nami nikamtengenezea draiva nikadhani nimemaliza. Tulikuwa na matatizo mawili, na moja tulilileta wenyewe kwa kutopima.

Ndiyo maana namuuliza kila anayekuja: inakata vipi? Iko chini muda wote? Inaanza vizuri halafu inakufa baada ya dakika kadhaa? Ni nzuri ila inashtuka mara moja moja? Au kioo kinakuwa cheusi? Hayo ni magonjwa manne tofauti. Ya kuanza vizuri kisha kufa, mara nyingi ni joto. Ya kushtuka mara moja moja ukifika eneo jipya, angalieni diski na RAM: fungua Task Manager, ukiona diski ya kuzunguka iko asilimia 100 na RAM imejaa, basi gemu inasubiri diski. Ya chini muda wote, angalia kwanza kitu kimoja ambacho watu wanaona aibu kukitaja: waya wa kioo umechomekwa wapi? Ukiwa umechomekwa kwenye madabodi na siyo kwenye kadi, unacheza kwa grafiki ya Intel na kadi yako imelala. Nimewakuta watu wazima wawili mwaka jana, mmoja miezi minne nzima.

#4 Mdau wa Tandahimba

Asante sana fundi, somo limeingia. Mimi vumbi natoa kwa blowa yetu ya kupulizia mikorosho. Ina nguvu ile, sekunde kumi boksi jeupe. Nashauri na wengine.

#5 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Kaka yangu, nakuomba sana uache. Tena leo.

Blowa ile imepuliza salfa ya unga kuanzia Juni, imebaki kwenye bomba, kwenye tangi, kwenye kila kona, hata uikung'ute vipi. Salfa na shaba havikai pamoja, na fedha ndiyo kabisa. Ile inayozuia ubwiriunga kwenye maua ya korosho inatafuna njia za shaba za madabodi na miguu ya vipande vidogo vyenye fedha ndani, zinakuwa nyeusi. Hapa Mtwara tuna unyevu na chumvi ya bahari inayosaidia kazi hiyo. Huoni kitu mwezi wa kwanza. Msimu unaofuata mashine inakataa kuwaka na hakuna fundi anayejua kwa nini. Nimeshapokea kadi moja kutoka bara huko, imegeuka rangi kama senti ya zamani, na mwenyewe aliniambia kwa fahari alivyoisafisha.

Tumia brashi ya rangi, mpya, inchi moja. Au pampu ya baiskeli. Na ukipuliza kwa chochote, shika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu ya hewa beringi zinaumia.

#6 Mdau wa Newala

Wakuu naomba msaada, nina hali mbaya. Nilinunua GTX 1050 Ti GB 4 kwa hela ya mnada wa kwanza wa korosho, laki moja na nusu, kwa mtu aliyekuja nazo. Windows inaiandika jina sawasawa, 1050 Ti. Lakini nikiweka draiva ya tawi la 580 kama ulivyosema, kioo kinakuwa cheusi, inabidi nirudi Safe Mode nifute. Nimefanya DDU mara tatu, nimefuata hatua zako zote. Nikiiacha bila draiva inawaka vizuri. Nifanyeje?

#7 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Pole sana mkuu. Kabla hujafanya DDU ya nne, niambie: nyuma ya kadi yako pana tundu la VGA? Lile la bluu lenye pini 15?

#8 Mdau wa Newala

Ndiyo lipo. Pana VGA, DVI na HDMI. Ndicho kilinivutia maana kioo changu ni cha VGA.

#9 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Mkuu, kizazi cha Pascal kiliondoa kabisa uwezo wa kutoa picha ya VGA kutoka kwenye chipu. 1050 Ti ya kweli haina tundu hilo. Shusha programu ndogo iitwayo GPU-Z, ni MB chache tu, uifungue. Tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 inawatambua hawa, inaandika FAKE mbele ya jina. Angalia pia idadi ya shaders, vile vipande vidogo vya mahesabu ndani ya chipu: 1050 Ti halisi ina 768 na chipu yake ni GP107. Nasubiri.

#10 Dada wa Lindi mjini

Kaka fundi, wakati tunamsubiri ndugu wa Newala. Mimi si mchezaji wa gemu, nahariri video za harusi, ila kadi ni kadi. Nina GTX 1060 ya GB 6. Nikianza kutoa video ya mwisho, kioo kinakuwa cheusi sekunde moja mbili, kinarudi, na Windows inasema draiva ya picha iliacha kujibu na imerejea. Nimebadilisha draiva mara tano, mpya na za zamani. Nimeangalia joto kama ulivyosema, GPU nyuzi 70 tu.

Na niwape wenzangu kitu kimoja kinachonisaidia: kioo kikiwa cheusi hakirudi, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Inaiwasha upya draiva ya picha bila kuzima kompyuta. Imeniokolea kazi ya harusi nzima ya watu wa Mingoyo.

#11 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Dada, umetoa kitu kizuri sana, na umefanya vizuri kupima joto kabla ya kuuliza.

Windows inaipa kadi sekunde mbili. Kadi isipojibu ndani ya muda huo, Windows inaikatisha na kuiwasha upya, ndio ule weusi unaouona. Ukienda Event Viewer, Windows Logs, System, utakuta namba 4101 kila ilipotokea. Nakili saa zake. Draiva ndiyo inayotajwa, lakini anayechelewa kujibu ni kadi, na kadi inaweza kuchelewa kwa sababu ya njaa ya umeme. 1060 inahitaji wati 120. Kwenye madabodi haiwezi kuchukua zaidi ya 75, zilizobaki lazima zije kwa ule waya wa pini sita. Pawa saplai yako ni wati ngapi, na huo waya wa pini sita unatoka wapi?

#12 Dada wa Lindi mjini

Imeandikwa 300W. Haikuja na pini sita, fundi aliyenifungia aliweka kiunganishi kinachochukua umeme kwenye waya za diski. Sasa umeniogopesha, nimekigusa na ni cha moto.

#13 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Zima, dada. Usitoe video nyingine mpaka kiunganishi hicho kitoke. Plastiki ikiwa ya moto mkononi, ndani pini zinaungua. Tafuta pawa saplai ya jina linaloaminika, wati 450 inakutosha, yenye pini sita yake yenyewe. Usichague kwa namba ya kwenye stika tu, ishike mkononi: nyepesi kama boksi tupu, iache. Na ukifika wakati wa kuifunga, toa kadi, zile pini zake za rangi ya dhahabu zisugue taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli. Hewa ya Lindi na ya kwetu huku inaweka ukungu pale ambao macho hayauoni.

#14 Mdau wa Masasi

Mimi fupi tu mkuu. Laptopu ina kadi ya Nvidia, draiva ipo, ila gemu fremu 20 na GPU ya Nvidia inasoma asilimia 0.

#15 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Gemu inatumia grafiki ya Intel. Settings, System, Display, shuka chini kwenye Graphics, iongeze gemu, chagua High performance. Cheza chaja ikiwa imechomekwa, kwa betri kadi inajibana. Na kwa laptopu anza na draiva ya kampuni iliyotengeneza laptopu yenyewe, ile ya Nvidia moja kwa moja ifuate baadaye.

#16 Mdau wa Newala

Nimefungua GPU-Z. Imeandika FAKE. Shaders 192. Chipu GF116. Nimekaa nje muda mrefu kabla ya kuandika hapa.

#17 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Pole, ndugu yangu. Pole kweli.

GF116 ni chipu ya mwaka 2011, familia ya GTX 550 Ti. Wamebadilisha BIOS yake, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ili ijitambulishe kwa jina lingine, ndiyo maana Windows imedanganyika na draiva ikaanguka ilipojaribu kuizungumzisha kama Pascal. Ile weusi haikuwa kosa lako wala la hatua ulizofuata. Draiva ya mwisho ya kizazi hicho ni 391.35 ya Machi 2018, nayo itakataa kuingia mpaka BIOS ya asili irudishwe. Inawezekana, nitakufanyia bure ukija Mtwara mjini, upate angalau kadi ya kuonyesha picha. Lakini kwanza piga picha ya kioo cha GPU-Z, picha ya kadi mbele na nyuma, na jumbe zote za simu mlizoandikiana, umrudie huyo aliyekuuzia ukiwa na mtu mzima mwingine. Picha ile ni ushahidi anaouelewa hata asiyejua kompyuta.

Wengine wote: mkinunua kadi ya mkononi, nendeni na GPU-Z kwenye flashi. Muuzaji asiyekubali uiwashe mbele yake, mwage, nenda zako.

#18 Mdau wa Nachingwea

Mkuu, mimi swali la mwisho. Kama kila kitu kiko sawa, nisasishe draiva kila ikitoka?

#19 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Kwa kadi mpya, ukiingiza gemu mpya iliyotoka wiki hii, ndiyo, mara nyingi draiva ya gemu hiyo inaleta tofauti. Kwa mashine inayocheza gemu zile zile vizuri, mimi sigusi ila pawe na sababu: kiraka cha usalama, au hitilafu iliyotajwa kwenye maelezo ya toleo. Machi 2010 Nvidia walitoa 196.75 wakaiondoa wenyewe, baada ya watu kulalamika kwamba feni haziendi inavyotakiwa na kadi zinapata moto. Walioisubiri siku chache hawakuguswa. Na ikikuharibia, Device Manager, bofya kadi, Properties, Driver, Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, ndipo lile faili ulilolitunza kwenye flashi linapofanya kazi.

#20 Dada wa Lindi mjini

Mrejesho. Pawa saplai nimepata, nimefunga juzi. Kiunganishi cha zamani kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja, nimekihifadhi kwenye bahasha. Nimetoa video tatu, moja ya saa mbili. Weusi haujatokea, na 4101 ya mwisho kwenye orodha ni ya siku ile uliponiambia nizime. Draiva ni ile ile niliyokuwa naituhumu.

#21 Mwanzisha uzi (Mtwara)

Nimefurahi sana dada. Siku tatu si nyingi, endelea kuiangalia orodha hiyo kwa wiki mbili.

Mdau wa Newala alifika jana asubuhi kwa basi la kwanza. Muuzaji amemrudishia elfu tisini, iliyobaki ameahidi mwisho wa mwezi. Kadi tumeirudishia BIOS yake, inajiita 550 Ti sasa, 391.35 imeingia, na PES 2017 inacheza fremu 60. Amecheza mechi mbili hapa kibandani kabla ya kuondoka.

Mpwa wangu naye amenitumia picha ya daftari asubuhi hii. Ameweka mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, dakika, GPU, prosesa, fremu. Jumamosi, dakika ya 60, prosesa nyuzi 73, fremu 56. Chini yake ameandika kwamba anataka kuongeza kipande cha pili cha RAM, cha kwake kiko kimoja, ila kwanza atapima wiki nzima ajue fremu za chini kabisa zinafika wapi.

Flashi yenye DDU, GPU-Z, Afterburner na draiva za 391, 470 na 580 iko kibandani. Njoo na yako yenye nafasi ya GB 4 unakili, sichukui hela.